Rangi Waliyoiita ya Miles

Miles Thackwray alipoona kwamba jiwe lililomkaa kibofuni halitatoka ila na roho yake, alimwita karani wa kanisa, akawaita majirani wawili, kisha akamwambia mkewe Jennet alete bia. Hilo ndilo la kwanza linalonikera, na nalisema mapema ili nisiulizwe baadaye mbona nimenuna. Mwanamke amekaa naye miaka thelathini na mmoja, halafu siku ya kugawa mali anaitwa kuleta bia.

Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa kumi wa mwaka 1631, hapa Ripon, kaskazini mwa Uingereza, katika ile nyumba ya mtaa wa Skellgate ambayo uani kwake panateremka mpaka mtoni. Karani Peregrine Snow alikuwa ameshakalia kiti pekee chenye mikono, kalamu ameichonga, karatasi ameiweka juu ya ubao magotini. Gilbert Horner, muuza nyama, alikaa juu ya kasha la nguo. Anthony Kettlewell, mtengeneza ngozi, alibaki mlangoni, maana anajua anavyonuka na ana adabu zake. Hao ndio walioitwa wawe mashahidi. Jennet akaingia na jagi, mikono ameikunja hadi viwikoni, na mikono yenyewe ilikuwa ya buluu.

Ilikuwa ya buluu karibu tangu alipoolewa. Alikuja kutoka mji mdogo wa Masham akiwa na miaka ishirini na mmoja, binti wa mchunga kondoo, hajui rangi hata moja ila ile ya nyasi na ya matope. Miles ndiye aliyekuwa fundi wa kutia vitambaa rangi wakati huo, na tusimnyang'anye haki yake, alikuwa fundi kweli. Lakini mwaka wa pili wa ndoa homa ilipita mjini, ikachukua watu kumi na tisa kwenye mtaa wetu, Miles ikamwacha hai na kuondoka na pua yake. Alipopona alikuwa hanusi kitu. Ukimwekea kitunguu kilichokatwa chini ya mdomo angekuuliza ni tofaa au nini.

Sasa, mtia rangi nyekundu anaweza kuishi bila pua, hata wa manjano. Mtia rangi ya buluu hawezi. Majani yanayotoa buluu hufika kwa fundi yakiwa madonge meusi yaliyokwisha chacha, na ndani ya pipa huendelea kuchacha, pamoja na pumba za ngano na chokaa kidogo, katika maji yenye joto la maziwa yanayotoka kwenye kiwele. Pipa halichemki, halipoi. Linaishi. Likianza kunuka uozo linataka chokaa. Likinuka ukali wa kupalia linataka pumba. Na hakuna kitabu kitakachokueleza ni kiasi gani, ila pua. Ukilichunga vizuri linakaa miezi mingi. Kitambaa hutoka humo kijani, na kikipigwa na upepo kinageuka buluu mbele ya macho yako, na Jennet, mpaka uzee wake, hakuwahi kuchoka kukitazama kikigeuka.

Basi Miles alimwonyesha mkewe alichokijua, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na ndani ya mwaka mmoja mke alikuwa amempita. Tangu hapo ni Jennet aliyeamka kulifunika pipa kwa majani makavu wakati wa theluji. Ni yeye aliyeinama, akanusa, akatia kidole, akaonja, akatema. Miles alisimama mlangoni chini ya kibao chenye jina lake, akapokea wateja. Wafanyabiashara wa vitambaa walikuja kutoka Leeds na kwingineko kufuata kile walichokiita rangi ya Miles. Kuhusu pua, hakumwambia mtu. Alimwomba Jennet naye asiseme, watamcheka, watampelekea kazi mtu mwingine. Jennet alikuwa kijana, anampenda, akakubali.

Turudi chumbani. Karani Snow alikohoa, akasoma alichokwisha andika. Roho kwa Mungu, mwili kwa kaburi, hayo ya kawaida. Kisha: "Nyumba hii pamoja na banda la rangi, masufuria yake na mapipa yake, namwachia mwanangu Lancelot na warithi wake."

Jennet aliendelea kumimina bia. Lancelot alikuwa mjini York, akiuza riboni na vifungo katika duka la watu. Aliondoka nyumbani na miaka kumi na mitano huku ameziba pua, na akirudi Krismasi alikuwa hakanyagi bandani asije akachafua soksi.

"Kwa binti yangu Averil, ambaye fungu lake nilimpa siku alipoolewa, kondoo jike mmoja na sufuria ndogo ya shaba."

Jennet akammiminia Gilbert.

"Na kwa mke wangu mpenzi Jennet," karani alisoma, na hapo sauti ikalainika, kwa maana aliona wanafika penye wema, "namwachia chumba kilicho juu ya duka na kitanda kilichomo, na ruhusa ya kupita jikoni hadi penye moto, asubuhi na jioni, na ya kuoka mkate wake tanurini mara moja kwa wiki, kwa muda wote atakaokaa mjane wangu."

Jennet aliweka jagi chini. "Hebu soma tena."

"Bibi Thackwray, yote ni..."

"Soma hapo penye ruhusa."

Karani akasoma tena, safari hii haraka haraka.

"Ruhusa ya kupita," Jennet alisema. "Kwenye jiko langu. Wewe Miles, nikishikwa na baridi saa nane mchana, nifanyeje? Nimpigie magoti Lancelot?"

"Mke wangu, usinifokee. Mimi mgonjwa."

"Unaumwa kibofu. Masikio mazima."

Gilbert alichekea ndani ya kikombe. Miles alijaribu kujiinua kidogo kwenye mto, uso umemkunjamana kwa maumivu, na ni kweli alikuwa anateseka, sitaki kumsingizia. "Watu wote wanaandika hivyo," alisema. "Nimekupa moto. Nimekupa tanuri. Wengine hawawapi wake zao hata hayo. Muulize Gilbert, baba yake alimwandikia mama yake maneno haya haya."

"Kweli kabisa," Gilbert alisema. "Na mama hakupata taabu. Alikuwa anapita tu."

"Mama yako alikuwa hajui hata kisu kinashikwa upande gani, Gilbert. Mimi nimetia rangi kila koti lililomo humu ndani, pamoja na hilo lako lililokubana tumbo." Jennet alimgeukia mumewe. "Lancelot atalichungaje pipa?"

"Atajifunza."

"Kwa nani? Kwako?"

Jennet alisogea, akapiga magoti kando ya kitanda, na sauti yake ikashuka. Kama angetaka nyumba angeomba nyumba. Hakuitaka. Alitaka neno moja tu, na alilitaka litoke kinywani mwa mtu aliyelijua.

"Mpe mtoto nyumba," alisema. "Mpe banda, sawa, ni mwanangu pia. Lakini waambie hawa, na karani aandike, ni nani analinusa lile pipa. Miles, unakwenda zako. Watakucheka wapi tena? Sema tu kwamba rangi ni ya Jennet."

Mashahidi walitazamana. Miles naye alimtazama mkewe, kisha akageuza uso ukutani.

"Mtia rangi ni mimi," aliuambia ukuta. "Jina liko mlangoni. Andika kama nilivyokwambia, Snow."

Hapo Jennet alipandwa na hasira ambayo kwa kweli haikumtoka tena. Alisimama akapiga kelele zilizosikika mpaka darajani. "Hanusi! Miaka ishirini na tisa mwanamume huyu hanusi kitu! Anthony, wewe unaloweka ngozi kwenye mavi ya mbwa, njoo umsogelee uone kama atashtuka! Njoo! Mwekee kofia yako puani!"

Anthony Kettlewell alirudi nyuma hatua moja, amekasirika. Gilbert alisema, "Jamani, Jennet, mtu anakufa." Karani alisubiri amalize, kama mtu anayesubiri mbwa wa jirani anyamaze, kisha akachovya kalamu. Walikuwa wameambiwa kweli tupu, na wote watatu wakaandika moyoni kwamba mke wa Miles ana mdomo mchafu. Gilbert akatia alama yake ya kisu, Anthony akatia msalaba. Bia ikanywewa yote.

Miles alikufa siku ya nne. Jennet alimwosha mwenyewe, akamfunga sanda, akafanya yote ambayo mke hufanya, na hakumsemesha hata mara moja.

Lancelot alifika na mkewe Ursula, mtu wa York, mwembamba, mwenye kola nyeupe sana. Averil naye alivuka mto kutoka mtaa wa Bondgate, ambako mumewe ni mhunzi. Baada ya mazishi walikaa na mkate wa oti na jibini, na Averil, ambaye mdomo ameurithi mnajua kwa nani, alisema, "Hongera kaka. Wewe nyumba, mimi kondoo. Mama yeye kapewa moto, lakini wa kuazima."

"Baba alijua alichokuwa anafanya," Lancelot alisema.

"Alijua sana. Ndiyo maana alikufa haraka."

Siku iliyofuata Jennet alikuta mlango wa kutoka jikoni kwenda bandani umetiwa komeo jipya. Alimwita mwanawe.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha," Lancelot alisema kwa ile sauti anayouzia riboni. "Pumzika sasa. Kaa juu, shona, sali. Ninacho kitabu cha baba, kila kitu kimeandikwa."

"Hakuna kilichoandikwa humo ila madeni ya watu. Pipa halijalishwa tangu juzi."

"Nitalilisha."

"Kwa kipimo gani?"

"Mama." Alishusha sauti, akatazama kule alikokuwa Ursula. "Watu wakikuona wewe humo ndani, watasema mimi kivuli tu. Unataka waniseme hivyo?"

Jennet aliyasikia maneno ya Miles, karibu yale yale, yakitoka kwenye kinywa kilichonyonya kwake, na alitamani kumzaba kofi. Alipanda juu. Nampa pole kwa hilo, ila namlaumu pia; mimi ningemzaba.

Ursula ndiye aliyeusoma wosia kuliko wote. Alikuwa nao kichwani, neno kwa neno. Siku ya Jumanne baridi iliingia na mvua ya barafu, Jennet akashuka kupasha mikono. Alikuwa amekaa dakika chache tu kwenye kigoda karibu na moto Ursula alipotokea, ameshika ndoo.

"Mama mkwe, samahani. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Mchana. Kwani kengele ya kanisa huisikii?"

"Ndiyo maana nauliza. Maana marehemu alisema asubuhi na jioni."

Jennet alidhani anataniwa. Alimtazama mkazamwana wake usoni akaona hapana, hakuna utani. "Mwanangu," alisema taratibu, "hilo jiwe ulilosimama juu yake nimelileta mimi kutoka mtoni nikiwa na mimba ya mumeo."

"Sikatai. Mimi nafuata maandishi tu, watu wasije wakagombana. Utaratibu ukiwepo tutaishi vizuri."

"Utaratibu," Jennet alisema, akainuka. Hakuinuka kwa sababu ameambiwa, aliinuka kwa sababu kijinga cha moto kilikuwa karibu mno na mkono wake, na alijijua.

Akapanda ngazi, akakaa juu ya kitanda alichoachiwa, mikono kwapani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Kama Mungu angempa miaka ishirini zaidi, basi miaka ishirini ndiyo hiyo, atapanda na kushuka kwa kengele.

Na pale alipokaa ndipo harufu ilipomfikia. Kwanza alidhani Ursula amebandika kabichi. Halafu akajua. Lancelot alikuwa ameona maji ya pipa yamepoa, na mfanyabiashara Christopher Barwick ameleta kitambaa chake cha yadi arobaini na anakitaka kabla ya wiki kwisha, basi kijana wa riboni akayachota maji yote, akayatia kwenye sufuria kubwa la risasi, akachochea kuni, akayachemsha. Akayachemsha! Mtu aliyezaliwa hatua kumi kutoka pipa hilo! Kisha akayarudisha pipani yakitoa povu, akatumbukiza kitambaa cha watu.

Jennet angeweza kupiga kelele dirishani. Maji yalipoanza kupata moto, harufu ikiwa bado changa, palikuwa na nafasi. Hakupiga. Alikaa pale pale akanusa pipa lake likifa, pipa alilolianza mwezi wa tatu, akalilisha kama mgonjwa, akalijua kwa hali zake zote, na alilia kwa hasira mpaka pua yenyewe ikaziba. Sijui kama alifanya vema. Najua kwamba alikatazwa kushuka, na akatii.

Lancelot alipanda ngazi jioni hiyo, mikono imejaa madoa, soksi zimeharibika. "Mama, kitambaa kimetoka rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Pipa lina nini?"

"Limekufa. Umelipika."

"Lifufue basi."

"Halifufuki. Linaanzwa jipya. Siku tatu usiondoke ubavuni kwake, ukilala linakushinda."

"Basi anza kesho."

"Nitaanza kesho," Jennet alisema, "ukiniandikia banda. Kwa maisha yangu tu. Nikifa chukua, mpe Ursula akaushie kola zake. Na kibao cha mlangoni kiandikwe jina langu."

Lancelot alicheka, kisha akaona mama yake hacheki. "Jina lako? Watu watasema Lancelot Thackwray anafanya kazi chini ya mama yake."

"Watakuwa wamesema kweli, kwa mara ya kwanza katika nyumba hii."

"Baba hakutaka hivyo. Na wewe unakula kwangu, mama, usisahau. Utalianza kwa sababu ni wajibu wako."

"Nakula kwako nini? Mkate wangu naoka mwenyewe, mara moja kwa wiki. Muulize mkeo, anajua siku."

Lancelot alishuka akiubamiza mlango. Asubuhi Jennet alivaa kofia akaenda kwa Karani Snow.

Katika jimbo hili la York kuna desturi ya zamani ambayo hakuna wosia unaoivunja. Mjane aliye na watoto ana theluthi ya vitu vyote vinavyohamishika, marehemu apende asipende. Karani aliijua vizuri, na alimwomba Jennet aketi.

"Desturi inakulinda," alisema. "Lakini huwezi kula huku na huku, Bibi Thackwray. Ukidai theluthi, umeukataa wosia. Chumba kinakwenda. Moto unakwenda. Na tunaingia majira ya baridi."

"Moto nitawasha mwenyewe."

"Mumeo alikuwa anakutakia mema, nakwambia. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo," Jennet alisema. "Na kalamu ulikuwa nayo. Nikakwambia cha kuandika ukachovya wino ukaandika kingine. Sasa andika hili."

Majirani wanne walikuja kuorodhesha mali, kama ilivyo kawaida, wakihesabu mpaka vijiko. Masufuria makubwa yalikuwa yamejengewa kwa chokaa, hivyo wakasema hayo ni sehemu ya nyumba, yabaki. Lakini pipa la buluu lilisimama juu ya mawe matatu, halikufungwa na kitu. Linahamishika. Jennet alidai pipa, madonge ya majani yaliyokuwa darini, magunia mawili ya pumba na sufuria dogo la pembeni. Lancelot aliposikia mama anataka lile pipa lililooza alifurahi waziwazi. Afadhali hilo kuliko vijiko vya fedha, ndivyo alivyomwambia Ursula. Ursula peke yake ndiye aliyekunja uso. Alikuwa na akili yule mwanamke, angezaliwa penye roho nzuri angefika mbali.

Mume wa Averil alikuja na mkokoteni, wakalivusha pipa mpaka Bondgate, wakaliweka kwenye kibanda kilichoegemea karakana yake, ukuta ule ambao tanuru la mhunzi huupasha moto kutwa. Jennet aliliosha, akalijaza, akaanza. Siku tatu Averil alimletea uji akamkuta ameinama vile vile, kichwa ndani ya pipa.

"Mama, lala kidogo."

"Likilala nitalala."

Siku ya tatu alizamisha uzi wa sufu, akautoa. Ukatoka kijani. Ukageuka. Averil aliona mama yake anatikisa kichwa juu na chini kama mtu anayekubaliana na jambo, bila kutabasamu.

Barwick, ambaye yadi zake arobaini zilikuwa zimeharibiwa Skellgate, alisikia. Alikileta kile kitambaa cha aibu, Jennet akakitia tena, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ule uchafu ukamezwa na buluu. Walikubaliana amkabidhi siku ya Alhamisi, sokoni, kwa sababu mkokoteni wa kwenda York ungekuwa unangoja hapo.

Soko lilikuwa limejaa. Jennet alifika na Averil, wamebeba kitambaa mabegani. Barwick alikifungua ncha moja juani, akakisugua kwa kidole gumba, akaitia ncha hiyo mdomoni akainyonya, kama wanunuzi wafanyavyo kupima rangi. Uso ukamng'aa.

"Hii ndiyo!" alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Hii ndiyo rangi ya Miles! Mungu amrehemu, Jennet, mumeo alikufundisha vizuri."

Alinyoosha mikono kupokea mzigo. Jennet hakuuachia.

"Rudia," alisema.

"Nasema Miles..."

"Nimesikia. Bwana Barwick, umenunua buluu kwetu miaka kumi na minne. Yote niliifanya mimi. Mume wangu alikuwa hanusi. Gilbert!" Meza ya Gilbert Horner ilikuwa hapo karibu, nyama ya kondoo imening'inia. "Gilbert, ulikuwepo nikisema. Mwambie."

Gilbert alishika kisu chake akakitazama. "Mimi nauza nyama, Jennet. Mambo ya rangi siyajui."

"Haya." Jennet alikikunja kitambaa kifuani. "Nguo hii haitoki mikononi mwangu mpaka useme ni rangi ya nani."

Barwick alicheka. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mwenye mkokoteni aliita kwamba farasi wamesimama vya kutosha, na Barwick akaacha kucheka. "Mama, usinitie aibu sokoni. Pesa hizi hapa."

"Pesa nimeziona."

"Una wazimu?"

"Ninao. Sema."

Akasema, lakini kwa kunong'ona, huku anatazama chini.

"Masham hawajakusikia," Averil alisema, na watu wakaangua kicheko.

"Rangi ni ya Jennet Thackwray!" Barwick alipaza sauti, uso mwekundu mpaka shingoni. "Imekuwa yake tangu zamani! Basi? Nipe nguo yangu!"

Jennet akampa. Mtu mmoja alipiga makofi, mwanamke wa mayai akapiga yowe la furaha, na Gilbert Horner akageuka kumkata kondoo ambaye hakuna aliyemwagiza. Habari ilifika Skellgate kabla ya chakula cha mchana; nimeambiwa Lancelot alikataa kula.

Mama na binti walirudi kwa njia ya darajani. Averil alikuwa bado anacheka, anaiga sauti ya Barwick, mpaka alipomwangalia mama yake akaona taya zimekazana vile vile kama asubuhi.

"Mama, kwani hujaridhika? Amesema mbele ya soko zima!"

"Barwick amesema kwa kuwa alitaka nguo yake," Jennet alisema. "Baba yako hakutaka kitu kwangu ila ninyamaze. Na mimi nilimpa, Averil. Miaka ishirini na tisa nilimpa, tena kwa mapenzi. Hicho ndicho nisichoweza kumsamehe, na sijui hata ni yeye nisiyemsamehe au ni mimi."